Nilichokuta Ndani ya Kizibao

Mume wangu alikuwa na tabia ya kuniletea kazi za kushona za wenzake bila kuniuliza kwanza. Leo suruali ya kupunguza kiuno, kesho kofia iliyofumuka. Kwa hiyo Jumamosi ile alipoweka kiroba juu ya meza yangu ya kukatia, sikukiangalia. Nilikuwa kibarazani kwetu Pasua, mtaa wa mjini chini ya mlima, nina sketi za shule kumi na mbili za kumalizia, nikamwambia aweke pembeni.

"Hiki ni changu," alisema. "Utepe wa kunata wa mkanda umekufa, na hapa kwapani pamefumuka. Nakihitaji Jumatatu."

Ndani ya kiroba kulikuwa na kizibao cha kuzuia risasi. Yeye na wenzake walikiita buletipruf. Nilikuwa nimekiona mara nyingi mwilini mwake akitoka asubuhi, lakini sikuwahi kukishika. Nilishangaa kuwa ni laini. Nilidhani ndani mna chuma.

Ilikuwa miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani kushindana na ushirika. Kabla ya hapo mume wangu alipima magunia kwenye ghala la ushirika, akapunguzwa kazini pamoja na wengi wa rika lake. Wanunuzi wapya walikuwa wanalipa taslimu pale pale kijijini, na gari lenye fedha halipandi mlimani peke yake. Kampuni moja ya ulinzi ikafunguliwa mjini. Akaenda, akapewa sare na kirungu, na baadaye kizibao. Vililetwa vizibao tisa kutoka ng'ambo, vimeshatumika, kama makoti ya mitumba tuliyokuwa tukinunua sokoni Kiboriloni. Nani alikuwa akivivaa huko vilikotoka, hatukuuliza.

Nilifumua kwapa ili nishone vizuri kwa ndani. Chini ya kitambaa cha bluu mlikuwa na kitu kama mto mwembamba wa kulalia, kimefungwa ndani ya mfuko mweusi wa nailoni uliozibwa kingo zote kwa moto. Ila kona moja ilikuwa imechanika, na mtu fulani alikuwa ameibandika plasta. Plasta ilikuwa imeachia. Harufu iliyotoka pale ilikuwa ya gunia lililolala na mvua.

Mimi ni fundi. Fundi akiona kitambaa asichokijua lazima akipapase. Nilivuta mfuko kidogo nikaona tabaka za kitambaa cha manjano, moja juu ya nyingine, nikahesabu mpaka ishirini nikaacha. Nilijaribu kukata uzi mmoja uliokuwa unaning'inia kutoka katikati. Mkasi wangu, ule ninaokatia jinzi, uliutafuna tu. Niliuzungusha uzi ule kwenye kidole nikauvuta, ukanichana ngozi na haukukatika. Nikafurahi, nikajiambia kumbe mume wangu amevaa kitu cha maana.

Kisha nikauvuta uzi wa pale konani, penye plasta. Huo haukuwa wa manjano tena, ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu ya mgomba. Ulikatika kama utando wa buibui.

Niliuvuta mwingine. Nao ukakatika.

Nilipogeuza kizibao nikaona jambo la pili. Katikati ya mfuko ule ulipita mshono wa cherehani, juu mpaka chini, uliopinda. Mtu aliona tabaka zinajikunja ndani akaamua kuzishona pamoja zitulie. Nilimwelewa kabisa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini niliviona vitundu vya sindano, kimoja baada ya kingine, moja kwa moja mbele ya tumbo la mume wangu.

Alipokuja kula mchana nilimwonyesha nyuzi mbili, mmoja mzima niliouchomoa katikati na mmoja uliooza wa konani. Alizitazama, akaendelea na mtori wake wa ndizi.

"Mama, hiyo ni nguo ya kazini. Wewe shona mkanda."

"Nguo ya kazini imeoza."

"Imeoza kona. Risasi haiji konani."

"Nani amekwambia?"

Jumatatu alikivaa akaondoka. Nilikuwa nimeshona mkanda na kwapa, kwa sababu hakikuwa changu kukizuia, na kwa sababu bila mkanda angekivaa kikipepea.

Wiki zilizofuata sikutulia. Nilikuwa nikishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, nafumua, nashona tena vile vile. Nikisimama nasahau nilichosimamia. Julai mlima unajifunika mawingu siku nyingi mfululizo, na mimi nilikuwa natoka nje kuutazama kana kwamba ningeliona gari lao likishuka. Wateja wakaanza kulalamika. Mama mmoja aliniambia waziwazi kuwa blauzi niliyomshonea ingemfaa mtu mwenye bega moja.

Siku ya kumi au ya kumi na moja nilifunga cherehani nikaenda kwa miguu mpaka ofisi ya kampuni, upande wa Rau. Nilikuwa na zile nyuzi mbili ndani ya kipande cha gazeti. Mwenye kampuni hakuwepo. Uani nilimkuta mkufunzi wa walinzi, mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ameketi kwenye benchi anafuta viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umefiwa?"

Nadhani uso wangu ulimpa swali hilo. Nilimwambia hapana, bado. Nikafungua gazeti.

Alizitazama zile nyuzi kwa muda mrefu kuliko mume wangu. Kisha akaniuliza nani alinituma kufungua.

"Nilitumwa kushona kwapa," nilisema. "Nikakuta tumbo."

Akasogea kwenye benchi ili nikae. Yule mzee ndiye mtu wa kwanza kunieleza jinsi kitu kile kinavyofanya kazi, na alinieleza kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Umeona mpira unavyoingia golini? Wavu hauuzuii kwa ugumu. Unauzuia kwa kuvutika. Uzi uliogongwa unawavuta jirani zake, nao wanavuta jirani zao, mpaka ile nguvu iliyokuwa kwenye ncha moja inatawanyika mahali papana. Tabaka la kwanza likishindwa, la pili linapokea, na la tatu. Risasi nayo inabondeka, inakuwa kama uyoga. Uyoga haupenyi kama mwiba."

"Na likiingia maji?"

"Nyuzi zinateleza. Risasi inazisukuma pembeni inapita. Ndiyo maana wanaziba ule mfuko kwa moto. Jua nalo linaziua, hivyo ulivyoona mwenyewe, ndiyo maana mfuko ni mweusi."

Nikamwuliza kuhusu mshono. Alitikisa kichwa.

"Kiwandani wakishona, wanajua wanashona nini, na wanakipima kikiwa kimeshonwa hivyo hivyo. Huyu wa baadaye alikisia."

Alikuwa na daftari la mafunzo yake ya zamani. Alinisomea jinsi vinavyopimwa. Kizibao kinafungwa juu ya udongo laini, kinapigwa risasi mahali kadhaa, katikati na karibu na kingo, kingine kikiwa kikavu na kingine kikiwa kimeloweshwa. Haitoshi risasi isipenye. Wanakiondoa wanapima shimo lililobonyea kwenye udongo, kwa sababu udongo ule unasimama mahali pa mwili wa mtu. Likizidi sentimita nne na kidogo, kizibao kimeshindwa, hata kama risasi imebaki ndani.

"Kwa nini hamvipimi hivi?"

"Nimeomba mara tatu. Kizibao kikishapigwa hakivaliwi tena. Bosi anasema siwezi kuharibu kitu kizima ili nijue kama ni kizima."

Nilisema nitamsubiri huyo bosi. Nilimsubiri mpaka saa tisa. Alipofika alinikaribisha kwa adabu, akanisikiliza akiwa anatafuta kitu kwenye droo, akaniambia vizibao vilikuja na hati zake. Nilifungua gazeti juu ya meza yake.

"Baba, naomba uuvute huu."

Aliuzungusha kwenye kidole akauvuta, kisha akautoa haraka akakitazama kidole.

"Na huu."

Wa pili ulikatika kabla hajaanza kuvuta sawasawa. Alibaki ameshika vipande viwili, kimoja kila mkono.

"Chukueni viwili," alimwambia mkufunzi, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Cha mume wake na kimoja kizuri. Basi."

Udongo niliutafuta mimi. Kiboriloni kulikuwa na mama mmoja wa Kipare aliyekuwa akiuza vyungu, nikamwomba siku ya soko itakayofuata aje na udongo wenyewe badala ya vyungu. Alidhani nataka kula. Nilipomwambia ni wa kupigia risasi alicheka, kisha akaniona sicheki, akaniletea madebe mawili, umekandwa vizuri, hauna kokoto hata moja.

Polisi walitukubalia tutumie uwanja wao wa shabaha asubuhi moja, na askari wao mwenye bastola. Sikupaswa kuwepo, lakini mkufunzi alisema mwenye udongo hawezi kufukuzwa. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao akaujaza udongo na kuusawazisha kwa ubao kama anayepiga sakafu. Kisha akaangusha gololi kubwa ya chuma kutoka kimo cha bega, mara tatu, mahali patatu tofauti, akapima vishimo kwa rula. Udongo ukiwa mgumu upande mmoja na laini upande mwingine, alisema, kipimo kinadanganya.

"Na mjue hiki si kipimo cha kiwandani," alituambia sote. "Kule wana udongo wao maalumu na mashine ya kupima mwendo wa risasi. Hapa tutajua kidogo. Kidogo ni bora kuliko tulivyo sasa."

Walianza na kizuri, ambacho mfuko wake haukuwa na tundu. Walikifunga juu ya sanduku kwa mikanda, kama kimevaliwa. Tuliziba masikio. Baada ya mlio, kizibao kilionekana hakijafanywa kitu, ila tundu dogo kwenye kitambaa cha nje. Walipiga tena mara mbili, mahali pengine. Walipokifungua, risasi zote tatu zilikuwa ndani, zimelala kati ya tabaka, zimebondeka. Mkufunzi aliiweka moja kiganjani mwangu ikiwa bado ina moto. Kwenye udongo mlikuwa na mabonde matatu, na lenye kina kuliko yote lilifika sentimita tatu na nusu. Niliingiza vidole viwili mle. Niliwaza, hapa ni ini la mtu. Hata kile kizuri kilikuwa kinabonyeza hivyo.

Kisha kikaja cha mume wangu.

Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu na sare yake, mikono nyuma. Risasi ya kwanza ilizuiwa, lakini bonde lake lilikuwa la kutisha, rula ilizama mpaka tano. Ya pili ilipiga karibu na ule mshono. Mkufunzi alikigeuza kizibao, akapitisha penseli mbele ikatokea nyuma. Akaingiza mkono kwenye udongo, akachimba, akachimba zaidi, na mwishoni akaikuta risasi imejichomeka kwenye mbao za nyuma ya sanduku. Haikuwa imebondeka sana. Ya tatu, ile ya konani, hawakuona haja ya kuipiga.

Mume wangu alipeleka mkono tumboni, akaushusha aliponiona namtazama.

"Nimekivaa miezi minane," alisema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la saa ngapi.

Nilitaka nijisikie mshindi, nikashindwa. Hasa kwa sababu mkufunzi, wakati tunafungasha, aliwaambia walinzi jambo ambalo nilitamani asingelisema mbele yangu. Hata kile kizuri kinazuia bastola tu. Bunduki kubwa ya kivita inakipita kama karatasi, na kisu chembamba chaweza kupita pia. "Mkisikia mlio mkubwa," alisema, "msitegemee nguo. Laleni chini."

Mwenye kampuni aliviondoa vinne kati ya vile saba vilivyobaki, vyote vilivyokuwa na mfuko uliochanika au kushonwa. Vitatu vikabaki kwa wanaokaa gari la mbele. Vipya viliagizwa na vikachelewa, kama kila kilichoagizwa miaka ile. Mume wangu alipangwa gari la mbele. Aliniambia kama habari njema, kwamba amepata kizibao kizima. Nilimwuliza kwa nini asipate gari la nyuma. Alisema gari la nyuma halina kizibao. Tuligombana juu ya hilo siku nzima bila yeyote kati yetu kuwa na kosa.

Ilitokea Oktoba, asubuhi, upande wa Marangu, si mbali na kihamba cha baba mkwe wangu, shamba lake la migomba na kahawa. Nilikuwa kibarazani. Gari la mama mmoja muuza ndizi lilisimama mbele ya meza yangu likiwa bado limejaa mikungu. Hakushuka.

"Mama, panda."

"Amekufa?"

"Anaongea. Panda."

Njiani alinieleza anachojua. Migomba ilikuwa imekatwa ikalazwa barabarani. Gari la mbele lilisimama, wakatoka watu wanne kwenye mibuni. Mume wangu alifungua mlango na mmoja akampiga bastola kwa karibu. Wanakijiji walipiga yowe, watu wakatoka na mapanga kila kihamba, wale wanne wakakimbilia korongoni bila kitu. Alinirudia maelezo hayo mara mbili na mimi nilisikia neno moja tu, kwa karibu.

Hospitali nilimkuta amelala ubavu wa kulia, amekunja uso. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, alikuwa na duara jeusi lenye ukubwa wa sahani, na katikati yake ngozi imechubuka lakini haijatoboka. Daktari, kijana mpole, alisema mbavu mbili zimepasuka, na kwamba hatamruhusu kuondoka kwa siku kadhaa.

"Risasi haikuingia," nilisema. "Mbona mnamweka?"

"Risasi haikuingia, mama, lakini nguvu yake iliingia. Bandama ipo hapo hapo. Inaweza kuvuja polepole, mtu anaongea vizuri, kisha anaanguka. Tunataka kumwangalia."

Nilikumbuka vidole vyangu ndani ya udongo. Nilikaa pale siku nne. Sikukaa, nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi kuhesabu pumzi zake. Wagonjwa wengine waliniomba nikae chini kwa ajili yao. Mume wangu alikuwa na aibu kuliko maumivu. Aliniambia alipoanguka alidhani amekufa, na jambo alilowaza lilikuwa kwamba hajalipeleka jiko la mama yake kuchomelewa. Alilisema hilo akitaka kucheka, mbavu zikamkatalia, akalia badala yake. Nilimshika mkono mpaka akanyamaza. Bandama haikuvuja.

Wiki moja baada ya kurudi nyumbani, karani wa ofisi alikuja kibarazani na kiroba. Ndani mlikuwa na kizibao kile kile, na tundu lake. Alinipa na karatasi ndogo: nizibe tundu la kitambaa cha nje, kirudi kazini Jumatatu, kuna safari.

Nimewahi kukasirika maishani, lakini sikuwa nimewahi kukasirika nikiwa kimya namna ile. Nilimwambia karani aje kesho. Alipoondoka nilifumua kitambaa cha nje, mshono baada ya mshono, nikakikata vipande visivyofaa hata kufutia mashine. Paneli zake, zile tabaka zilizozibwa ndani ya nailoni mbele na nyuma, sikuweza kuzikata. Nilizibeba kichwani mpaka Rau, juani, watu wananiangalia, nikampelekea mkufunzi. Risasi ilikuwa bado imo, kibonge kidogo chini ya nailoni.

Alisoma ile karatasi. Alileta rangi nyekundu na burashi, akaandika kwa herufi kubwa juu ya paneli zote mbili, mbele na nyuma: IMEPIGWA. Kisha akaingia ofisini nikasikia sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya chini, ikipanda. Safari ya Jumatatu haikufanyika. Vizibao vipya vilifika Desemba, msimu unaisha, vikiwa na mifuko iliyozibwa na lebo zinazosomeka, na kimoja kati yake kilipelekwa uwanjani kwanza, kwa udongo wa mama yule wa Kipare. Nilisikia kilifaulu. Sikwenda kuangalia.

Mume wangu alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Nilimwomba asirudi. Mama yake alimwomba pia, kwa Kichagga, maneno mengine sikuyaelewa vizuri ingawa niliyaona yakimwingia. Alisema hajui kazi nyingine mjini itakayomkubali mtu wa umri wake, na hilo lilikuwa kweli. Aliongezewa jukumu la kukagua vizibao kila asubuhi: mifuko, kingo, na kama upande wa kuelekea mwilini haujageuzwa nje. Alikuwa akinieleza jioni, tukila, kana kwamba anakagua kwa niaba yangu. Nilimshukuru, na bado asubuhi iliyofuata nilishona vibaya.

Alifanya misimu miwili zaidi. Halafu bei ya kahawa ikaanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni yao na kupanda nyanya, na wanunuzi wakapungua mmoja mmoja mpaka kampuni ikabaki inalinda maduka. Alipoambiwa hahitajiki tena alikuja nyumbani mchana, akavua viatu mlangoni. Nilikuwa napima kola. Nilifunika cherehani nikakaa kwenye kiti changu, mikono mapajani, bila kufanya kitu chochote, na yeye akaniuliza kama naumwa.

"Hapana," nilimwambia. "Nimechoka tu. Kaa hapa."